Sura ya Sita: Kiti Kisichorudi Nyuma

Chukua kiti cha plastiki, kile cheupe cha harusini na msibani, ukiweke kwenye sakafu iliyopigwa nili. Weka pedali za gemu mbele yake, kaa, kisha kanyaga breki kama dereva aliyekutana na ng'ombe katikati ya lami. Pedali zitateleza kwenda mbele, kiti kitateleza kwenda nyuma, na gari lililomo kwenye runinga litamzoa ng'ombe. Sura hii yote inahusu namna ya kuuzuia mteleko huo, kwa vifaa na mafundi wanaopatikana Mchinga, mkoani Lindi.

Mwenye kununua usukani wa gemu kwa mara ya kwanza, mawazo yake yote huwa mikononi. Anahangaikia meza: itatikisika? Itapasuka? Tupige hesabu. Usukani wa Logitech G29 uliingia sokoni mwaka 2015 na ni wa kawaida kwa wanaoanza. Mota zake hutoa msokoto wa Newton-mita 2 na kidogo. Kipenyo cha usukani ni sentimita 28 hivi, kwa hiyo pale kwenye ukingo mikono inaposhika, nguvu hiyo ni sawa na uzito wa kilo moja na nusu tu. Dawati lolote la shule linaihimili. Hata zile sukani za bei kubwa, zilizoungwa moja kwa moja kwenye mota bila mkanda wala meno, ukichukua wenye msokoto wa Newton-mita 8 utapata kama kilo 6 kwenye ukingo.

Sasa njoo miguuni. Pedali ya breki yenye kihisi kinachopima mkandamizo, badala ya kupima pedali imeshuka kiasi gani, hutengenezwa ipokee kilo 60 na zaidi. Dereva wa Formula 1 hukanyaga kwa zaidi ya kilo 100. Pedali za G29 ni za chini ya hapo sana, lakini nazo zina kipande cha mpira ndani ya breki, na mpira huo unataka mguu wa kweli. Kwa hiyo kazi kubwa iko chini, mahali ambapo wengi hawatazami. Nguvu ya mguu hupita kwenye goti, ikafika nyongani, ikaishia kwenye mgongo wa kiti. Kama mgongo wa kiti hauna cha kuushika, mtu mzima anarudi nyuma. Ndiyo maana kiti na pedali lazima viwe kitu kimoja, vilivyofungwa kwenye mihimili ileile, ili msukumo wa mbele na msukumo wa nyuma vikutane ndani ya mbao na kumalizana humo. Usukani ni mgeni tu katika mkutano huo.

Wazo la kumkalisha mtu chini akajifunza chombo kisichokwenda popote ni la zamani kuliko runinga. Karibu mwaka 1910, kampuni ya ndege ya Antoinette huko Ufaransa ilichukua pipa, ikalikata, ikaweka kiti juu ya kipande kimoja kilichosimama juu ya kingine, na wasaidizi wakawa wanakitikisa kwa mikono huku mwanafunzi akihangaika kukisawazisha. Anayenipendeza zaidi ni Edwin Link wa Binghamton, jimbo la New York. Baba yake alikuwa na kiwanda cha kutengeneza piano na vinanda vya upepo. Link alitaka kujifunza urubani, masomo yakawa ghali, akarudi kiwandani kwa baba akatazama alichonacho: mivukuto, pampu na vali za kinanda. Kufikia mwaka 1929 alikuwa ameunda ndege fupi ya mbao inayoinama na kugeuka kwa nguvu ya mivukuto ile. Wateja wake wa mwanzo walikuwa viwanja vya burudani, watu wakilipa sarafu ili wazungushwe. Kisha mwaka 1934 marubani wa jeshi la Marekani walikufa wakisafirisha barua katika hali mbaya ya hewa, na jeshi likanunua mashine sita. Katika Vita Kuu ya Pili mamia ya maelfu ya marubani walipita kwenye visanduku hivyo.

Link hakuagiza chochote kutoka mbali. Alitumia ufundi wa nyumbani kwao. Siku hizi wenzetu wa Ulaya na Marekani hujenga viti vyao kwa mihimili ya alumini yenye mifereji, ambayo bolti huteleza ndani yake na kukazwa popote. Ni kitu kizuri, sikatai. Lakini kukiagiza hadi Lindi ni kutupa pesa ambayo ingenunua pedali bora, na pwani hii ina watu ambao wamekuwa wakijibu swali la nguvu na mbao kwa karne nyingi kabla alumini haijajulikana.

Mafundi hao ni wa vyombo vya baharini. Nilipopeleka pedali kwa mmoja wao, mzee anayeunda mashua na ngalawa, alizigeuzageuza kwanza.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hivi ni vya nini?"

"Breki, klachi na mafuta, mzee. Vya gari la kwenye runinga."

"Gari lenyewe linakwenda wapi?"

"Haliendi popote."

"Sasa breki ya nini?"

Nikakaa kwenye gogo lililokuwa karakanani mwake, nikazikanyaga. Gogo likabiringika kidogo, nami nikapepesuka nalo. "Aa," akasema, "kumbe linakwenda. Linakwenda nyuma." Hakuniomba mchoro. Aliniambia nikae chini nimekunja miguu kama ninavyotaka kuendesha, akanipima kwa shibiri kutoka kisiginoni hadi nyongani, na kutoka nyongani hadi begani, akatia alama za mkaa kwenye ubao. Vyombo vya pwani hii viliundwa hivyo, kwa shibiri, dhiraa na jicho. Kwa kiti cha mbio njia hiyo ina faida kuliko mchoro wowote wa kupakua, kwa sababu mchoro umepimwa mwili wa mtu mwingine.

Kuhusu mbao. Mninga na mkongo ni mbao za heshima, lakini kwa kiti cha gemu ni israfu, ziache ziwe milango na vitanda. Paini inayoshuka kutoka mashamba ya Sao Hill huko Mufindi inatosha, mradi uchague iliyonyooka, isiyo na vifundo vikubwa, na kila bolti uipe washa pana ili isizame ndani ya mbao laini. Mnazi mkavu nao upo tele, ila ujue tabia yake: nje ni mgumu hadi unaua makali ya msumeno, ndani ni laini. Kata mihimili kutoka kwenye ganda la nje na moyo uupeleke jikoni. Boriti za mikoko usiziguse. Kuzikata kunataka kibali, na mkoko unafanya kazi kubwa zaidi pale uliposimama.

Kuna atakayesema: kwa nini si chuma? Fundi wa kuchomelea hakosi, na bomba la mraba linapatikana Lindi mjini. Chuma ni sawa kwa Dodoma. Hapa upepo wa bahari una chumvi, nayo huingia pale fundi alipochomelea na kuunguza rangi, halafu kutu ikatembea ndani ya bomba usiione mpaka siku kiungo kinaachia. Ukishikilia chuma, basi paka redi oksaidi mara mbili na uzibe ncha za mabomba. Mimi nakaa upande wa mbao. Bolti tu ndizo ziwe za chuma, na ziwe zile zilizopakwa zinki, kwa sababu ileile inayomfanya fundi wa mashua akatae misumari ya kawaida.

Umbo lenyewe ni jepesi. Mihimili miwili ya mbili kwa nne, imesimamishwa kwa ubavu, urefu wa sentimita 150 kwa mtu wa kimo cha kawaida. Kati yake pitisha mbao za kukingama: mbili chini ya kiti, moja chini ya ubao wa pedali, moja mbele kabisa. Upana utapimwa na reli za kiti ulichonunua, kwa hiyo kiti kinunuliwe kwanza. Ubao wa pedali uwe plaiwudi ya milimita 18, umeinuliwa kwa nyuzi kadhaa ili nyayo zisisimame wima, na mbele yake kuwe na kipande cha mbao kilichobanwa kwenye mihimili kuuzuia usisogee. Kipande hicho kidogo ndicho kinachobeba breki yote. Kikazwe kwa bolti. Msumari utachomoka.

Nguzo za usukani ndizo zinazowashinda wengi. Wanasimamisha mbao mbili wima, wanalaza ubao juu, kisha wanashangaa kila kona ikiinama kulia na kushoto. Pembe nne hazina msimamo, zinalala upande. Pembe tatu hailali, ndiyo maana kenchi la paa limejaa mishazari. Kwa hiyo kila nguzo ipate mshazari unaoshuka mbele hadi kwenye mhimili, na mwingine wa kuzikinga nguzo mbili zisicheze ubavuni.

Lakini kuna njia nzuri zaidi, na hii ni ya mafundi wa vyombo. Taruma, ile mbavu ya mashua, haipindwi kwa moto wala haiungwi vipande viwili. Fundi huzunguka mashambani akitafuta tawi lililojipinda lenyewe kwa kadiri anayoitaka, kwenye mwembe, kwenye mkorosho, akalikata pale kwenye panda. Nyuzi za mti zinafuata mpindo, kwa hiyo hakuna mahali ambapo nguvu inakatiza nyuzi na kuipasua mbao. Mkoa wa Lindi umejaa mikorosho, na mikorosho mizee hupogolewa kila mwaka. Mpate mwenye shamba, mwombe panda mbili zinazolingana zenye pembe iliyo wazi kidogo kuliko mraba, zianikwe kivulini, zichongwe kwa tezo pande mbili ziwe bapa. Mkono mmoja ufungwe kwenye mhimili, mwingine upande kuwa nguzo. Hapo mshazari hauhitajiki tena, na magoti yanapata nafasi ambayo mbao za mshazari huziba. Sijaona umbo hilo kwenye kiti chochote cha kiwandani.

Kiti chenyewe ni cha gari lililokufa. Dar es Salaam, kwa wauza vipuri vya mtumba, utapata viti vya Noah, vya Vitz, vya Probox, na basi la Kusini litakuletea mzigo kwenye buti. Chukua cha dereva chenye reli zake na wenzo wa kulaza mgongo, kwa sababu reli ndizo zitakazomwezesha mdogo wako kucheza bila kufungua nati. Kagua jambo moja kabla ya kulipa. Ubavuni mwa mgongo wa kiti, upande wa mlango, tazama kama kuna alama ya SRS, na chini yake kama kuna plagi ya rangi ya manjano. Hiyo ni puto ya ajali, na ndani yake mna baruti kidogo. Usiipime kwa waya wala betri, usipasue kitambaa, usichome chuma karibu nayo. Viti visivyo na puto ni vingi. Chukua hicho kingine.

Kukaa kuna vipimo vyake. Visigino vitulie kwenye ubao, na breki ikanyagwe kwa mpira wa wayo, pale nyuma ya vidole. Ukiwa umekanyaga breki hadi mwisho, goti libaki limekunjika kidogo, maana likinyooka kabisa nguvu inakwisha na nyonga zinaumia. Mabega yakiwa yamegusa mgongo wa kiti, nyoosha mkono: kifundo cha mkono kiangukie juu kabisa ya usukani, pale namba 12 inapokaa kwenye saa. Vidole pekee vikifika, uko mbali. Kiganja kikivuka, uko karibu. Kwa gari dogo, makalio yawe sentimita 25 hadi 30 juu ya kisigino. G29 ina matundu mawili chini yake ya bolti za M6. Yapige chapa kwenye karatasi, toboa ubao kwa karatasi hiyo, na pima kina cha tundu kwa njiti kabla ya kukaza, bolti ndefu isije ikaingia ndani ya mashine.

Gia iwekwe kushoto. Picha nyingi za viti hivi zinaonyesha gia kulia, kwa kuwa wenye picha wanatoka nchi ambazo usukani uko kushoto. Sisi tunaendesha upande wa kushoto wa barabara na tunabadilisha gia kwa mkono wa kushoto. Anayetaka kiti kimsaidie hata kidogo siku ya kujifunza gari la kweli asizoeze mkono usiohusika. Kichwa cha gia kiwe cha mpingo. Huko Kilwa misitu ya vijiji ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, FSC, mwaka 2009, na mpingo wa aina hiyo huishia kuwa klarineti na obo kwenye okestra za Ulaya. Makapi yake yanaweza kuishia mkononi mwako. Ni mzito kuliko maji na hauchakai kwa jasho.

Kisha skrini, ambayo inaharibiwa na mazoea ya sebuleni. Runinga ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95. Ukiitazama kutoka mita tatu, inajaza nyuzi 18 tu za macho yako, na kwenye nyuzi hizo gemu inakubana dunia nzima, kona zinaonekana mbali, kasi haionekani. Runinga ndogo ya inchi 32, ikisogezwa hadi sentimita 70 kutoka machoni, nyuma kidogo tu ya usukani, inajaza nyuzi 54. Kisha ingia kwenye mipangilio ya gemu uandike pembe hiyohiyo. Kwa mabadiliko haya yasiyogharimu kitu, mtu huanza kukanyaga breki mahali panapostahili. Iliyobaki ukutani iachie taarifa ya habari.

Je, kiti kinafundisha kweli? Mwaka 2008 Mhispania Lucas Ordóñez alishinda mashindano ya GT Academy, yaliyoendeshwa na Nissan pamoja na watengenezaji wa gemu ya Gran Turismo. Mwaka 2011 alikuwa kwenye jukwaa la daraja la LMP2 huko Le Mans. Mwaka huohuo Jann Mardenborough wa Uingereza aliwashinda washindani wapatao 90,000 wa gemu hiyo na akawa dereva wa kulipwa, kisa kilichotengenezewa filamu mwaka 2023. Kinachokosekana ni mwili kurushwa huku na huku. Mengine, jicho, mguu na subira, yanafundishika. Hata Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, ilirudi kwenye mashindano ya dunia ndani ya gemu kabla ya kurudi humo barabarani: mashindano ya 2020 yalifutwa kwa sababu ya korona, lakini gemu ya WRC 9 ilitoka Septemba mwaka huo ikiwa na njia za Kenya ndani yake. Magari ya kweli yalifika Naivasha Juni 2021.

Hata hivyo nijuavyo vijana wa huku, ukiwajengea kiti cha mbio, watakachoendesha ni basi. Gemu ya mabasi ya Indonesia inayochezwa kwenye simu inaruhusu kila mtu kupaka basi rangi anazotaka, na rangi za mabasi yetu zimekwisha kuingia humo. Kwenye kompyuta kuna Euro Truck Simulator 2, gemu ya malori ambayo inautambua usukani na gia. Basi linataka mkao mwingine: kiti cha dereva wa Hiace, kilichoinuliwa sentimita 40 au zaidi, mgongo karibu wima, na ubao wa usukani umelazwa zaidi. Ukijua kwamba wachezaji wako ni watu wa basi, panga matundu ya bolti katika ngazi mbili tangu mwanzo. Kutoboa mara ya pili, kiti kikishapakwa rangi, ni kazi ya kununa.

Kama kiti ni cha kibanda cha gemu, fikiria umeme. Gesi ya Songo Songo imekuwa ikisafiri kwenda kuzalisha umeme Dar es Salaam tangu mwaka 2004, lakini jioni za kukatika kwa umeme zingalipo, na mwenye kibanda hutegemea betri ya sola na inveta. PlayStation 4, runinga ya inchi 32 na usukani vikiwaka pamoja, hesabu wati 200 hivi. Betri ya ampea-saa 100 ya volti 12 ukiitumia nusu tu ili isife mapema, unapata chini ya saa tatu. Toza kwa idadi ya mbio. Ukitoza kwa dakika, mteja anakimbizana na saa badala ya barabara, na pedali ndizo zinazolipa gharama ya hasira yake.

Usikimbilie kupaka rangi. Paini nyingi inauzwa ikiwa bado na maji ndani, na wiki za mwanzo itasinyaa, bolti zibaki zimelegea huku ukidhani fundi amekuibia. Cheza nayo kwanza, sikiliza inapolia, kaza kila nati upya, ongeza nati ya pili juu ya ya kwanza kwenye ubao wa pedali. Inapoacha kulia ndipo uipige msasa na kuipaka vanishi, hasa kwenye ncha za mbao ambako unyevu wa bahari hupenda kuingilia. Spana namba 10 ni ya bolti za M6, namba 13 ni ya M8. Zifunge kwa kamba kwenye mhimili, la sivyo mwenye bodaboda wa jirani atazijua kabla ya wewe kuzizoea.